Kapinga wa Mayi, Aliyewatafuta Wasiorudi

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko kazini, na ninyi madereva mliopanga foleni kule Mokambo mkingoja kuvuka kwenda Zambia, karibuni. Mimi ni Israël Kasonde. Leo tunamkumbuka mtu ambaye jina lake likitajwa hapa Lubumbashi, mmoja anafanya ishara ya msalaba, mwingine anatema mate, na wa tatu anauliza kwa sauti ya chini, "Nyumba yake iko wapi?"

Tunamkumbuka Mama Kapinga Michelle. Wengi mlimjua kwa jina la Kapinga wa Mayi. Mayi, yaani maji. Alifariki wiki iliyopita hospitalini, binti yake akiwa pembeni. Alikuwa amepita miaka sabini.

Wapo waliomwita nabii. Wapo waliomwita mulozi, mchawi. Alikuwa wa kwanza katika mji wetu kuita roho za watu mchana, mlango wazi, bila kujificha. Alisifiwa kwa hilo. Nyumba yake ilichomwa moto kwa hilo. Mimi nimezunguka kwa watu waliomjua, nikawauliza walichokiona kwa macho yao. Hayo ndiyo nitakayowaambia.

Kapinga alizaliwa hapa hapa Lubumbashi. Baba yake alitoka Kasai, akawa karani wa reli. Nyumbani walisema Tshiluba, shuleni kwa masista Kifaransa, na barabarani Kiswahili chetu hiki. Alikuwa msichana wa vitabu. Akawa mwalimu wa shule ya msingi. Wanafunzi wake, ambao leo wana mvi, wanasema hakuwa na fimbo. Ukikosea alikutazama na kunyamaza. Alinyamaza mpaka wewe mwenyewe unaanza kusema ukweli ili tu kimya kile kiishe.

Aliolewa na Laurent, fundi seremala, Mkatoliki wa kaskazini mwa Katanga, mtoto wa mfanyakazi wa mgodi. Wakapata mtoto mmoja, Deborah. Maisha yalikuwa ya kawaida kabisa. Jumapili misa, Jumatatu darasa.

Kisha ikaja miaka ile, mwanzoni mwa tisini. Wakubwa mnaikumbuka. Wadogo, waulizeni wazazi wenu, lakini waulizeni taratibu. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, hata wale waliozaliwa hapa. Familia nzima nzima zilikaa kwenye vituo vya reli zikingoja treni. Wengine walifia hapo hapo wakingoja.

Laurent alimficha mke wake na mtoto kwa dada yake. Lakini Kapinga alikuwa na mdogo wake wa kiume, Élie, kijana wa maneno mengi na viatu vilivyong'aa. Élie alikataa kujificha. Alisema, "Miye si panya. Nitaenda kwa baba mukubwa, Mwene-Ditu." Akachukua sanduku lake akaenda kituoni.

Treni ilifika Mwene-Ditu, kule Kasai. Élie hakufika.

Hapo ndipo yote yalipoanzia, wasikilizaji wapendwa. Mdogo wake alitoka, na hakufika. Hakuna aliyeona maiti, hakuna aliyemwona hai.

Nilimtembelea Mama Deborah, binti yake. Ni mama mtu mzima sasa, mke wa mchungaji. Alinieleza hivi:

"Mama alienda kuona padri. Akamuambia, 'Mon père, nataka misa ya ndugu yangu.' Padri akamuuliza, 'Iko mufu?' Mama akasema, 'Sijue.' Padri akasema, 'Basi tutamuombea safari yake.' Mama akamuuliza, 'Safari ya kwenda wapi?' Ule padri haikuwa muntu mubaya. Alikosa tu kitu ya kusema."

Kapinga alirudi nyumbani akamwambia mume wake maneno ambayo Deborah hajayasahau: "Kwa mufu kuko misa. Kwa muzima kuko kungoja. Kwa Élie hakuna kitu."

Wakati huo alikuwa akiwafundisha Kifaransa wajukuu wa mzee mmoja huko Karavia, mhandisi mstaafu. Mzee huyo alikuwa na chumba kizima cha vitabu vya mambo ya siri. Vitabu vya kuzungumza na roho, vitabu vya ndoto, vitabu vya nyota. Alimwazima kimoja, kisha kingine. Kapinga alivisoma vyote. Deborah anakumbuka mama yake akikoroga bukari, ugali wetu, kwa mkono mmoja, kitabu kikiwa mkono wa pili, na baba yake akisema polepole, "Michelle, chakula inaungua."

Kutoka kwenye vitabu vile Kapinga alitengeneza njia yake. Bakuli jeupe la enameli. Maji safi. Mshumaa mmoja. Sala moja ya Kikatoliki, moja ya Tshiluba, na kimya. Kile kimya chake cha darasani. Mtu anakaa mbele ya bakuli, anasimulia habari za yule aliyepotea, na Kapinga anatazama ndani ya maji.

Walihamia Kasungami, pale ambapo mji unaanza kuchanganyika na mashamba ya mahindi. Laurent hakuyaamini maji hata kidogo. Lakini watu walikuwa wakija na kusimama juani, kwa hiyo akatengeneza mabenchi. Nilimuuliza Deborah, kwa nini baba yake alitengeneza mabenchi ya kitu asichokiamini? Akacheka. "Baba alikuwa anaamini Mama. Mayi ilikuwa mambo ya Mama."

Na watu walikuja, wasikilizaji wapendwa. Wake za wachimbaji walioingia mgodini wasitoke. Akina mama ambao watoto wao walichukuliwa na vita vya mashariki. Wakubwa wa ofisini pia walikuja, wakaacha magari yao mbali na kutembea kwa miguu, kofia machoni. Kapinga aliwaketisha kwenye benchi moja na wauza mkaa.

Alikuwa na sheria moja. Hakusema kamwe nani alimroga nani. Siku moja familia moja ilimleta bibi yao mzee, wamemshika mikono huku na huku. Walitaka maji yaseme kwamba yeye ndiye aliyeua mjukuu wake. Kapinga alichukua bakuli, akatoka nje, akamwaga maji yote kwenye mchicha. Akawaambia, "Mayi haisemake nani ni mulozi. Murudishe mama nyumbani, na mumupe chakula, iko na njaa." Bibi yule aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kwa wengine, hilo peke yake linatosha kumkumbuka Kapinga.

Lakini makanisani alihubiriwa vibaya. Deborah alipoolewa na mchungaji Hénoc, waumini waliuliza, mke wa mchungaji anatoka katika nyumba ya namna gani? Deborah akaacha kwenda Kasungami. Alimwambia mama yake, "Chagua. Ni miye ao ile bakuli." Kapinga aliendelea na maji yake. Miaka ikapita hivyo. Laurent alipofariki, mama na binti walikaa pande mbili za jeneza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalingoja.

Kulikuwa na mama mmoja, Edith. Mume wake, Sylvain, alivuka Mokambo kwenda Zambia kutafuta bidhaa za kuuza. Hakurudi. Edith alingoja, akauliza kwa madereva, akauliza kwa wafanyabiashara. Hakuna habari. Basi akaenda Kasungami, akakaa mbele ya bakuli.

Mama Edith alikubali nimtembelee. Sauti yake hakutaka nirekodi, ila maneno yake aliniruhusu kuyasema. Haya hapa: "Mama Kapinga aliangalia murefu. Akasema, 'Naona mwanaume amelala pembeni ya barabara, kwa majani mirefu. Amekufwa. Enda ufanye kilio.' Nikafanya kilio. Nikanyoa nywele. Bantu bakakuya, tukalia."

Muda ulipita. Edith akaolewa na Donat, mwashi, mtu mpole. Wakapata mtoto wa kike, wakamwita Exaucée.

Kisha alasiri moja mtu alibisha hodi kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe. Donat akafungua. Mtu yule akasema, "Weye ni nani?" Donat naye akasema, "Na weye ni nani?"

Alikuwa Sylvain. Mzima kabisa.

Alikuwa amekamatwa Zambia bila hati, akafungwa. Alipotoka, aliona haya kurudi mikono mitupu, akabaki akifanya kazi shambani kwa watu. Hakutuma neno hata moja. Papa Sylvain mwenyewe aliniambia, "Nilisema nitarudia siku nitakuwa na kitu. Ile siku haikufika. Mwisho nikarudia bila kitu."

Mtaa ulilipuka. Wengine walikimbia wakidhani ni mzimu. Edith alianguka chini. Na ndugu za Sylvain, waliokuwa wamemlilia na kumfanyia kilio, walipogundua kwamba walilia bure, hawakumkasirikia Sylvain. Walimkasirikia Kapinga. Wakaenda Kasungami, na njiani watu wakazidi kuongezeka. Walikuwa na mawe. Walikuwa na petroli.

Kapinga alikuwa uani akianika unga wa muhogo. Waliwasha moto nyumba yake mbele ya macho yake. Vitabu viliungua. Mabenchi ya Laurent yaliungua. Kisha wakamzunguka yeye, wakamsukuma ukutani. Mtu mmoja alikwisha kummwagia petroli kwenye kitambaa cha kichwa.

Aliyewazuia ni Sylvain. Alikuwa amewafuata mbio kwa miguu. Alijipenyeza katikati, akasimama mbele ya yule mama. Jirani mmoja, Mama Ngalula, aliyekuwa pale, aliyakariri maneno yake kwangu:

"Munataka kuua muntu kwa sababu miye sikukufwa? Basi muniue kwanza, ili maneno yake ikuwe ya kweli."

Mmoja akaangusha jiwe lake, kisha mwingine. Wakaondoka wawili wawili, hawatazamani usoni.

Nilimuuliza Papa Sylvain, kwa nini ulimwokoa mtu aliyekuharibia nyumba? "Nilikuwa nimechoka," akasema. "Na nilijua, kama ningetuma hata neno moja tu kwa muke yangu, Edith hangeenda kwa mayi. Kosa ilikuwa ya siye wote babili."

Siku iliyofuata Kapinga alikwenda kwa Edith. Alipiga magoti mlangoni. Edith aliniambia, "Alisema, 'Binti yangu, niliona mufu. Ile ni kweli, niliona mufu. Lakini sikuuliza kama ni wako.' Nikamuambia ondoka. Akaondoka. Sikumusamehe. Hata leo."

Edith alibaki na Donat na mtoto wao. Sylvain alihamia Kasungami, akapanga chumba. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, pakatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Kapinga alimfuata Sylvain, akamwambia, "Weye unajua barabara ya kule. Unajua buloko za kule na mashamba ya kule. Ni bantu ngapi wa kwetu wako kule, na huku banaliliwa? Twende tubatafute."

Wakaenda. Mama mzee na mtu aliyemtangaza kuwa mfu, katika basi moja, mpaka Mokambo, na kuvuka. Walibisha kwenye magereza, ndizo hizo buloko. Waliuliza hospitalini na kwenye vyumba vya maiti. Waliingia mashambani na picha za watu mikononi. Kapinga alimwita Sylvain "mufu yangu". Mpakani akiulizwa, huyu ni nani wako, alijibu, "Ni mufu yangu," na askari hawakujua kama wacheke.

Walirudi na habari. Wengine waliwakuta wazima, wakawarudisha mikononi mwa familia zao. Wengine waliwakuta makaburini, na Kapinga alileta udongo kidogo kwenye kitambaa ili familia ifanye kilio cha kweli. Wengine hawakuwapata, na alisema hivyo hivyo: sikumpata.

Mtadhani aliacha maji. Hapana. Hapo ndipo mimi mwenyewe nabaki nikijiuliza. Alipopata nyumba tena, alinunua bakuli jipya na kuendelea kutazama. Ila sasa, akiona kitu, hakumwambia mtu afanye kilio. Alifunga mzigo, akaenda kuhakikisha kwa miguu yake.

Nilimuuliza Papa Sylvain, je, maji yalisema kweli? Yeye aliyetembea naye miaka yote hiyo, alionaje? Alijibu hivi:

"Mara mingi mayi ilikosea. Tulienda bure kabisa, tukarudia na njaa. Lakini kuko mara moja. Aliniambia, 'Naona mulango ya bluu, na ndege wamemuchora juu yake.' Tukafika ku kijiji moja mbali kabisa, hatukuijua. Nikaona ile mulango. Bluu. Na ndege. Tukapiga hodi, na ndani kulikuwa kijana wa Likasi, mugonjwa, mama yake huku kwetu alikuwa anamulia. Sijue nikuambie nini. Ninasema ile tu niliona."

Nikamuuliza, "Papa Sylvain, unaamini?" Akasema, "Naamini ile mulango."

Kazi hiyo ndiyo iliyomrudisha Deborah. Muumini mmoja wa kanisa la mume wake alipata habari za kaka yake kupitia Kapinga. Alisimama Jumapili kutoa ushuhuda, akamtaja Kapinga kwa jina mbele ya watu wote. Mchungaji Hénoc hakumkatisha. Baada ya ibada Deborah alipanda teksi mpaka Kasungami. Alimkuta mama yake akipasua kuni. Hawakuzungumza mengi. Kapinga alisema, "Ingia, utakula." Akaingia, akala.

Nilimuuliza Mama Deborah kuhusu siku za mwisho, na kuhusu Élie. Kwa sababu kila mtu anauliza, mwanamke aliyewatafuta watu wote hao, mdogo wake mwenyewe je? Deborah akasema:

"Nilimuuliza ku hôpital. Nikamuambia, 'Mama, baba mudogo Élie, ulimuona?' Akasema, 'Ni yeye wa kwanza nilimutafuta. Siku ya kwanza kabisa. Nikaangalia, nikaangalia, mayi ikabakia mayi.' Nikamuuliza, 'Sasa juu ya nini uliendelea?' Akasema, 'Kwa sababu bale walikaa mbele yangu walikuwa na uchungu kama yangu. Sikuweza kubaambia barudi nyumbani.'"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Élie hakuonekana. Si kwenye maji, si Zambia, si Mwene-Ditu. Mpaka leo hajulikani alipo.

Mazishi ya Kapinga yalikuwa na mjadala wake. Baadhi ya viongozi wa kanisa la Hénoc hawakutaka mchungaji amzike mwanamke wa bakuli. Hénoc alifika makaburini bila Biblia na bila koti lake la ibada. Alipoulizwa, alijibu, "Leo miye si pasteur. Niko mukwe. Nimekuya kuzika mama mukwe yangu." Akashika sepetu. Sylvain naye alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, pamoja na yule kijana wa Likasi, ambaye sasa ni baba wa watoto.

Hakuna aliyehubiri. Deborah aliomba Baba Yetu, kisha sala ya Tshiluba ambayo bibi yake alikuwa akiisali. Watu walikuwa wengi. Wengi wao hawakujuana. Mmoja alishika picha ya mtu asiyerudi, akiitazama kana kwamba hajui sasa aipeleke kwa nani.

Na Mama Edith alikuja. Mimi nilimwona. Alisimama mbali, peke yake, kitenge kimefungwa kifuani. Hakumpa mtu mkono. Jeneza lilipofunguliwa kwa ajili ya kuaga, alisogea, akatazama usoni kwa muda, akarudi alikotoka. Aliondoka kabla udongo haujafunika kaburi.

Nilimfuata siku mbili tatu baadaye. Nikamuuliza, "Mama Edith, uliniambia hukumsamehe. Mbona ulikwenda?"

Alikuwa akipepeta unga. Hakuacha kupepeta. Akasema, "Nilienda kuona kama amekufwa kweli. Miye sifanyake kilio tena bila kuona."

Nikamuuliza, "Na baada ya kuona?"

Akaweka ungo chini. "Baada ya kuona, nimelia," akasema. "Sasa niache nifanye kazi."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote mnaotusikiliza, tunawapa pole Mama Deborah, mchungaji Hénoc na watoto wao. Pole kwa Papa Sylvain, aliyempoteza mwenzake wa safari. Pole kwa ukoo wa Kapinga hapa Lubumbashi na kule Kasai. Na Mama Edith, ikiwa redio iko wazi jikoni kwako, pole na wewe pia.

Sikuwaambia kama Kapinga alikuwa nabii au mulozi. Sijui. Niliyemkuta katika maneno ya watu ni mama aliyekosea vibaya, kisha akatembea. Leo, karibu kila nyumba ya mji huu ina mtu mmoja ambaye hakufika alikokwenda. Jina lake linatajwa mezani, au limeachwa kutajwa. Fikirini juu ya huyo mtu wenu. Na wewe unayenisikia ukiwa mbali, ambaye unaona haya kurudi mikono mitupu, nyumbani hawaulizi umeleta nini. Wanauliza kama uko hai. Tuma neno.